Gari Nililoliuza Mara Mbili



Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita kijana mmoja alinisimamisha baada ya swala ya Ijumaa akanitaka ushauri. Amejiwekea akiba, ana mke na watoto watatu, na moyo wake umependa mojawapo ya yale magari madogo ya juu ambayo siku hizi kila mtaa wa Mombasa unayo: RAV4, X-Trail, Forester, Escudo na jamaa zao. Nilimjibu yale niliyoweza kuyasema tukiwa tumesimama, na yaliyosalia nikamwahidi kwamba nitayaandika hapa. Yana aibu yangu ndani yake, na aibu ya mtu mzima si jambo la kusimuliwa mlangoni pa msikiti watu wakipita.

Langu nililinunua mwaka 2016. Jina la kiwanda sitalitaja, kwa kuwa makosa nitakayoyasimulia yalikuwa ya dereva, wala si ya mtengenezaji. Lilikuwa limesajiliwa Japani mwaka 2009, na mwaka ule hilo ndilo lililokuwa kuukuu zaidi liwezalo kuingia nchini, kwani kanuni ya Kenya haikubali gari la mtumba lililopita miaka minane. Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na miwili, kila Jumamosi nilikuwa nikienda kusomesha katika kijiji kilichoko ndani baada ya Kwale, njia ya Kinango. Nilitoka Kisauni kwa matatu, nikavuka Likoni kwa feri, nikapanda matatu nyingine hadi Kwale, kisha bodaboda. Siku za mvua kanzu ilifika imebadilika rangi, na wanafunzi wakanicheka kwa adabu, nyuso zao wameziinamisha kwenye misahafu.

Bei ilikuwa shilingi 1,350,000. Nilikuwa na 800,000, fungu langu la urithi tulipouza shamba la minazi la marehemu mama. Kilichobaki nilikipata kwa murabaha katika moja ya benki za Kiislamu, zile zilizofungua milango nchini mwaka 2008: benki ilinunua gari ikaniuzia mimi kwa faida iliyotajwa wazi tangu siku ya kwanza, nikalipa kwa miezi 36. Wapo waliosema kwamba ningepata mkopo wa kawaida kwa wepesi zaidi. Huenda. Lakini nilitaka kulala.

Basi likaja gari, na likaja na baraka zake. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yake yalikwisha kukataa magari ya chini, aliingia bila kushikwa mkono, kwa kuwa kiti kilikuwa sawasawa na nyonga yake. Barabara ya vumbi ya kule kijijini, iliyokuwa ikikwaruza matumbo ya magari madogo, ikawa njia. Na gari la maalim, kama mjuavyo, huwa gari la mtaa. Usiku wa manane nilibishiwa mlango kwa ajili ya mjamzito, kwa ajili ya mtoto mwenye pumu, kwa ajili ya mzee aliyeanguka chooni. Sikumbuki usiku hata mmoja niliojutia.

Gharama nazo zilikuwapo. Injini ya sisi 2000 katika foleni ya Nyali na Kisauni hainywi kidogo. Mwaka 2023, lita ya petroli ilipopita shilingi 200, nilianza kupanga safari zangu kama mwanamke apangavyo unga wa mwisho wa mwezi. Tena sisi wakaazi wa pwani tuna adui ambaye watu wa bara hawamjui vyema, nayo ni chumvi. Hewa ya bahari hula chuma polepole, ikianzia chini kusikoonekana. Kila mwisho wa mwezi nililiosha gari chini kwa maji matamu, na kwa hilo nilisifiwa na fundi wangu hadi nikajiona mjuzi.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Gari hili lilikuwa na kitufe cha kuendesha magurudumu yote manne, nami nikakidhania kuwa ni hati ya kupita popote. Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba magari haya ni saluni zilizoinuliwa. Tumbo lake liko juu ya ardhi kiasi cha sentimita 20 tu. Halikuundwa kama yale magari makubwa ya kazi yenye chesesi nzito yanayovuka mito. Limeundwa kumpa mwenye familia nafasi, mwinuko kidogo, na msaada kidogo penye utelezi. Yaliyozidi hapo tunajiongezea wenyewe.

Mwezi wa Novemba mwaka 2023 mvua kubwa ziliigharikisha Mombasa. Jioni moja nikitoka kuwatembelea wagonjwa, nilikuta barabara imekuwa bwawa. Madereva wa magari madogo walikuwa wamesimama pembeni. Mimi nikabonyeza kitufe changu nikaingia. Maji yalipanda hadi nusu ya mlango. Nilitoka upande wa pili nikiwa naringa, na kwa wiki nzima nilisimulia.

Giaboksi ya gari lile haikuwa na gia za ngazi. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na uhai wake wote umo katika oili maalumu. Juu yake pana tundu dogo la kupumulia, na humo ndimo maji yalimopita. Fundi alipoifungua, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Aliibadilisha mara tatu hadi ikatakata. Gari likaenda vizuri. Lakini likishapata moto barabara, na hasa likipanda mlima, injini ilinguruma na mwendo usiongezeke, kama mtu anayevuta kamba inayoteleza mikononi. Fundi alisema dawa ni giaboksi nyingine, na hesabu yake ilifika shilingi 160,000.

Sikuwa nazo. Binti yetu wa pili alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi na karo ilikuwa inangoja. Nikaamua kuliuza.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa kijana niliyemsomesha alifu na bee. Sasa ni mwalimu wa shule upande wa Matuga, na mamake mzazi hupelekwa hospitali kisiwani mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Alilitaka gari kwa sababu mama hawezi tena kupanda matatu. Fundi aliniambia, "Sheikh, mwite asubuhi. Likiwa baridi halina neno." Nami nikamwita asubuhi.

Alifika saa moja na nusu. Tulizunguka Kisauni na Nyali, barabara tambarare, hewa bado ya ubaridi. Gari lilikwenda kama mashua penye upepo mwema. Nilikaa kando yake nikimsimulia habari za matairi na betri mpya. Hakuniuliza lolote juu ya giaboksi. Angeuliza nini? Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Tulikubaliana 850,000, akanipa arubuni ya 50,000, akanibusu mkono.

Mchana ule sikula vizuri. Mke wangu aliniuliza kama nimemweleza kijana habari ya giaboksi. Nikamwambia hakuuliza. Akanyamaza kitambo akikunja nguo, kisha akasema, "Baba watoto, mama yule akitoka kusafishwa damu huwa hawezi hata kusimama. Likikwama usiku kule njiani, nani atakayembeba?" Akaingia ndani na nguo zake.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesomesha mlango wa biashara. Kila mwaka nimewasimulia wanafunzi kile kisa alichokipokea Abu Hurayra, kilichomo katika Sahihi ya Muslim: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua iliyokinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona. Nimekisimulia kisa hicho mara nyingi mno hata nimekuwa nikifikiri habari za mtu mwingine. Jioni ile nilitambua kuwa hata mvua ilikuwa ile ile.

Nilimpigia simu kijana. Siku ya pili, saa nane za mchana, jua likiwa kali, tulivuka feri, nikamwambia ashike yeye usukani, tukapanda mlima wa Kwale. Kabla ya kufika juu gari lilinguruma na kulegea, kama nilivyomwambia litakavyofanya. Alisimamisha kando ya barabara. Nilimrudishia arubuni yake yote, shilingi 50,000 zile zile, sikukata hata ya mafuta.

Alizipokea. Akasema, "Maalim, umeniambia, Mungu akulipe. Lakini jana asubuhi ulikuwa umekaa kando yangu."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Vitabu vyetu vya Kishafii vimeeleza vyema hiari ya mnunuzi anapogundua aibu iliyofichwa: ana haki ya kurudisha bidhaa na kuchukua fedha zake. Nilimpa haki hiyo. Ila kile alichokuwa nacho mkononi asubuhi ile aliponibusu, sikukijua mlango wake wa kukirudishia.

Gari nililiuza mwezi uliofuata kwa shilingi 670,000 kwa mtu mwenye gereji yake. Katika karatasi ya makubaliano niliandika kwa mkono wangu: giaboksi imeingia maji, inateleza ikiwa moto. Alisoma, akacheka, akatia sahihi. Karo ya awali ililipwa, na iliyopungua tuliikamilisha kwa kuuza vitu viwili vitatu vya nyumbani.

Basi kwa yule kijana wa Ijumaa, na kwa wengine wenye nia kama yake, nasema hivi. Magari haya ni neema kwa mwenye familia na njia mbaya, madhali anajua mpaka wake. Usinunue kwa kuliona asubuhi tu. Liendeshe mchana, nusu saa au zaidi, ulipandishe mlima likiwa moto. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Kama limetoka mnadani Japani, ulizia karatasi ya mnada, utazame hali iliyoandikwa na kilomita zake, kisha uzilinganishe na zilizo kwenye dashibodi. Oili ya giaboksi iwe ile aliyoiagiza mtengenezaji, si ile iliyopo dukani. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria ya nchi, lakini haitalitengeneza gari lako wewe. Na ukiyakuta maji barabarani, kaa pembeni pamoja na wenye magari madogo. Hakuna aibu hapo.

Na ukiwa wewe ndiye muuzaji, sema mapema, kabla mwenzio hajafungua mlango wa gari.

Yule mwanafunzi wangu alipata gari jingine, dogo na la chini, na mamake analipanda kwa kusaidiwa. Tukikutana hunisalimu kwa heshima zote. Zamani alikuwa akinipigia simu kuniuliza mambo ya dini. Hajapiga tangu siku ile, nami namuombea.

Kijana wa Ijumaa, ukiyasoma haya, nakusubiri Jumamosi. Nitakwenda nawe kulitazama hilo gari. Tutalipeleka Kwale saa saba mchana.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.