Viwavi Walionifunza Kumeza Dawa

Wengi wetu tukiandika katika kurasa hizi huandika habari za mpira, safari na mitihani. Mimi leo nataka kuwasimulia habari za muhula nilioukosa, na za wadudu niliowafuga nilipokuwa mgonjwa nyumbani Gisozi.

Nilianza kukohoa mwezi wa Januari. Sikujali, maana nilidhani ni vumbi la mbao la Agakiriro, pale mafundi wanapotengeneza meza na vitanda, si mbali na kwetu. Hata wiki ya nne nikawa natoka jasho usiku mpaka shuka inaloa, na suruali ya shule ikawa hainikai kiunoni. Nikaenda kituo cha afya, nikapimwa makohozi, nikaambiwa kuwa nina kifua kikuu. Watu wa nyumbani na wenzangu wa bwenini wakapimwa nao. Mimi nikapewa dawa bila malipo, dawa za miezi sita: miezi miwili ya kwanza dawa za namna nne kila siku, na miezi minne ya mwisho dawa za namna mbili.

Basi nikarudi kwa Bibi. Yeye alikulia Biryogo, na hata leo hutusemesha Kiswahili akitaka tumsikilize sana. Dirisha la chumba changu aliliacha wazi mchana kutwa ili hewa ipite, kama alivyoagizwa na muuguzi. Kila asubuhi mshauri wa afya wa mtaa wetu, mama mmoja mpole, alikuja kunitazama nikimeza vidonge. Vilinitia kichefuchefu, na mkojo wangu ukawa rangi ya chungwa. Lakini kichefuchefu si kitu mbele ya upweke. Rafiki zangu hawakuja. Wengine waliogopa maradhi, na wengine, nadhani, waliogopa maneno ya watu.

Wiki ya tatu nilipata nguvu ya kutembea hata nyuma ya nyumba. Huko, kando ya ua, pameota mmea ambao ukiuvunja jani hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na matunda yake yamevimba kama kibofu chenye vinywele. Wataalamu huuita Gomphocarpus. Chini ya majani niliona mayai madogo meupe, moja moja, na viwavi wenye milia myeusi, myeupe na ya manjano, na pembe laini jozi tatu mgongoni. Nilikusanya mayai sita na viwavi watatu wakubwa, nikawatia katika mkebe wa maziwa ya unga.

Mdudu huyu ni kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, tunayemwona kila siku Kigali. Jina lake la kitaalamu ni Danaus chrysippus, alilopewa na Linnaeus mwaka 1758. Ni ndugu wa yule kipepeo wa Marekani anayesafiri maelfu ya kilomita mpaka Meksiko kukwepa baridi. Huyu wetu hula mmea wenye sumu, na sumu ile huiweka mwilini mwake. Ndege akimla hutapika, na siku nyingine hamgusi. Tena yuko kipepeo mwingine, jike la Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu hiyo, lakini amevaa rangi zile zile, na ndege hudanganyika.

Mayai matano yalianguliwa. La sita halikuanguliwa. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2000 wataalamu waliandika habari za vipepeo hawa wa Kampala, ya kuwa wako wenye bakteria anayeua watoto wa kiume wakingali ndani ya yai. Kama ndivyo lilivyokufa yai langu, siwezi kusema. Ila viwavi wawili waliokufa baada ya hapo niliwaua mimi mwenyewe kwa uvivu. Nilifunga mkebe, sikuondoa mavi yao, nikawapa majani mabichi yenye maji. Siku ya tatu walikuwa weusi, wameoza. Bibi alichungulia akasema, "Wewe umefunguliwa dirisha, nao umewafungia mlango."

Nikaona haya. Kesho yake kaka yangu akaniletea vipande vya mbao kutoka Agakiriro, nikatengeneza kisanduku, nikakifunika kwa chandarua kikuukuu. Tangu siku hiyo nilikisafisha kila asubuhi, nikabadili majani, nikayapangusa maji, na nikanawa mikono kabla na baada, kwa kuwa utomvu ule ukiingia machoni hudhuru.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Wiki ya tano homa ilikuwa imekwisha, kikohozi kimekwisha, nami nakula sahani mbili. Nikajiona mzima. Kwa siku mbili nilivificha vidonge chini ya ulimi, yule mama alipotoka nikavitema dirishani.

Siku ya pili jioni nilikwenda kutazama kisanduku. Wale viwavi watatu wakubwa walikuwa wamejining'iniza kichwa chini na kugeuka pupa, kila mmoja katika mfuko wa kijani wenye nukta za dhahabu. Mmoja wao ndiye aliyekuwa mnene kuliko wote, na ndiye niliyempenda. Nikaona uzi mweupe umening'inia kutoka kwake, na funza anashuka nao. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Kumbe nzi alikuwa amemtagia mayai zamani, kabla sijamtoa nje, na funza walikuwa wakimla kwa ndani siku zote nilizokuwa nikimsifu kwa unene wake.

Usiku ule sikulala. Niliwaza vidudu vya kifua changu, ambavyo Robert Koch alivitangaza mwaka 1882, na ambavyo havionekani kwa macho. Homa imekwisha, naam, lakini nani aliyeniambia kuwa navyo vimekwisha? Dawa ikikatizwa, vile vilivyobaki huweza kuzoea dawa, na maradhi yakirudi huwa magumu zaidi kutibika.

Asubuhi yule mama alipokuja nilimwambia yote. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, vaa viatu." Tukaenda pamoja kituoni, nikaeleza tena mbele ya muuguzi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko vidonge vyote. Dawa zikaendelea, nikameza mpaka siku ya mwisho, makohozi yakapimwa, nikaambiwa nimepona.

Vipepeo watano walitoka salama. Siku moja kabla ya kutoka, mfuko huangaza kama kioo na rangi ya mabawa huonekana ndani. Akitoka, mabawa yake huwa yamekunjamana, naye huning'inia akingoja yakauke, ukimharakisha, unamlemaza. Wa mwisho alikaa kidoleni mwa Bibi, kisha akapita dirishani akaelekea bonde la Nyabugogo.

Nimerudi shuleni, nyuma ya wenzangu kwa muhula mmoja. Nawaomba, ndugu zangu, mambo mawili. Mwenye kukohoa zaidi ya majuma mawili aende akapimwe, asisingizie vumbi. Na mwenzenu akiugua, akishaanza dawa na waganga wakisema haambukizi tena, nendeni mkamwone. Mimi nilipata viwavi. Huenda yeye hana hata hao.

Mwanafunzi wa Gisozi