Vikopo vya dayati, friza na michembe ya bibi



Najua nimepotea muda mrefu. Kwanza mitihani ilitubana, halafu nikaenda likizo nyumbani Zagayu, na pale kwetu ukitaka mtandao ushike vizuri inabidi upande juu ya kichuguu, teh teh teh. Kwa msiojua, Zagayu ni kata ya wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Zamani tulikuwa wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga, hadi mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2012 na Itilima nayo ikawa wilaya. Ila mtu wa kwetu ukimuuliza anatoka wapi, bado atakujibu Bariadi.

Leo naomba niwasimulie habari za mwili wangu. Hii stori nimeisita kama miezi mitatu hivi, naandika nafuta. Lakini wengi wenu mmeniuliza kwa nini semista iliyopita nilikuwa siji kula na nyie pale kwa mama ntilie, mpaka wengine mkasema naringa. Sikuwa naringa jamani. Nilikuwa naona aibu.

Ilianza siku ile ya upimaji wa bure pale chuoni. Mie nilienda kwa kufuata foleni tu, si mnanijua. Nesi akanipima uzito, kilo 86. Urefu, sentimeta 160. Akapiga hesabu yake akapata 33.6, akaniambia ukivuka 25 ni uzito uliozidi, ukivuka 30 ni unene wenyewe. Nikacheka, manake hata jina mnaloniitia ni Bonge, kwa hiyo sikuona jipya. Ndipo akanifunga ule mpira wa presha mkononi. 150 kwa 95. Akapima tena baada ya dakika tano, ikaja karibu vilevile. Akaniuliza, "Mdogo wangu, una miaka mingapi?" Nikamwambia 22. Hakusema kitu, aliandika tu kwenye kikaratasi na kuniambia nirudi kupima tena, na nipunguze uzito. Nilitoka pale nikakaa chini ya mwembe, kicheko kimeisha.

Sasa nikaanza kutafuta njia ya mkato. Nikampata dada mmoja Sinza anayepika vyakula vya dayati, anavigandisha na kuviuza kwenye vikopo vya plastiki. Kila kikopo kimeandikwa juu kalori zake: samaki wa kuchemsha, mchicha, vipande vitatu vya kiazi, kalori 350. Kuku bila ngozi, kabichi, wali vijiko vinne, kalori 380. Kikopo kimoja shilingi 6,000, ukichukua kumi anakupa kwa 55,000. Wenzetu Marekani jambo hili ni la siku nyingi. Kampuni ya Swanson ilianza kuuza sahani za chakula kilichogandishwa miaka ya 1950, mtu anakula akiangalia televisheni, na mwaka 1981 ikaja Lean Cuisine, hiyo sasa ni ya wanaotaka kupungua kabisa. Wao wana maikrowevu, unabonyeza, baada ya dakika chache unakula. Mie na rumeti wangu gheto letu la Changanyikeni lina mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili na kifriji cha mtumba. Kwa hiyo nilikuwa natia maji kwenye sufuria kubwa, naweka ndogo juu yake, nasubiri barafu iyeyuke. Dakika arobaini! Njaa inaniuma huku naangalia samaki anatoka jasho.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa hesabu. Bumu la chakula na malazi lilikuwa shilingi 10,000 kwa siku. Vikopo viwili kwa siku ni zaidi ya hapo, bado sijalipa kodi, bado nauli, bado fotokopi. Nikaamua kikopo kimoja tu mchana, usiku nakunywa chai ya rangi nalala. Wiki tatu zikapita, nikashuka kilo nne. Nilifurahi sana, nikajiona nimeshinda. Ninyi mlikuwa mnaniona kipindini nimetulia, kumbe nilikuwa sina nguvu hata ya kushika kalamu.

Halafu kuna ile siri ambayo rumeti wangu peke yake ndiye alikuwa anaijua. Siku ya nne au ya tano ya njaa, saa nne usiku, nilikuwa navaa kanga najifanya naenda kununua vocha. Naenda mpaka kwa muuza chipsi, naagiza zege la mayai mawili, nalila palepale gizani nyuma ya banda, haraka kama mwizi. Narudi nimefuta mdomo. Kesho yake najiadhibu, nusu kikopo. Yaani nilikuwa na maisha mawili, moja la friza na lingine la banda la chipsi, na katika yote mawili nakula peke yangu.

Basi bwana, usiku mmoja umeme ukakatika. Asubuhi haujarudi. Nilikuwa nimetoka kuchukua vikopo kumi vipya, vimebaki tisa. Friza kubwa iliyojaa, usipoifungua, inaweza kushika ubaridi hata siku mbili. Lakini kifriji chetu kile, mlango wenyewe tunaufunga kwa kamba! Saa tano asubuhi nikagusa, vinaanza kulainika ila bado vya baridi. Rumeti akaniambia ukweli: vikishayeyuka na kupata joto usivirudishe kwenye friza. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu, na vikiamka vinaendelea na kazi pale vilipoishia. Ama tupike vyote sasa hivi, ama jioni tuvitupe. Nikapiga hesabu ya 49,500 ikienda jalalani, nikataka kulia.

Akachukua simu yake bila kuniuliza akawaita. Mnakumbuka siku ile? Mlikuja saba. Tulimwaga vikopo vyote kwenye sufuria mbili, tukavichemsha mpaka vikatokota sawasawa, tukaviweka kwenye sinia. Kuku, samaki na kabichi vyote pamoja. Mmoja wenu (unajijua) akatazama akauliza, "Sasa hiki ni chakula au sampo?" Nilicheka mpaka machozi, na katika kucheka huko nikajikuta nimewaambia kila kitu, presha, kilo 86, mpaka zege la gizani. Hakuna aliyenicheka. Mwingine akasema hata yeye presha yake siku ile ilisoma juu, hakumwambia mtu. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki sita mimi kula na watu.

Wiki mbili baadaye nikapanda basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri, kwenda nyumbani. Nilikuwa na kilo 81. Nilidhani nitapokelewa kwa vigelegele. Ng'o! Shangazi alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akashika kiuno: "Mama, unaumwa? Huko Dar hawawapi chakula?" Jioni akaja jirani, naye hivyohivyo. Shangazi akamalizia kwa utani wake, kwamba nikiendelea kukonda hivi ng'ombe wa mahari watapungua, nitawatia hasara. Watu walicheka, nami nikacheka. Kwetu mwili ni habari njema. Mtoto akirudi amenenepa, maana yake mambo yake ni mazuri. Akirudi amekonda, wanaanza kunong'ona ugonjwa.

Ndipo nikagundua jambo la mama. Mama yangu alikuwa mnene kuliko mimi, na safari hii nilimkuta amepungua kweli. Tunapokaa kula ugali, wanawake na watoto sahani moja, yeye anamega tonge mbili anainuka, eti anaenda kuangalia ndama. Siku ya tatu nikamfuata. Nikamkuta nyuma ya jiko, ameinama na kabakuli: mchicha, maharage kidogo, basi. Anakula haraka, anatazama huku na huku.

Wapendwa, nilijiona mimi nyuma ya banda la chipsi.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini unakula huku peke yako?" Akanyamaza, halafu akanionyesha kadi yake ya kliniki. Sukari. Anayo tangu mwaka jana. Aliambiwa apunguze ugali, aongeze mboga, asikae na njaa muda mrefu. Hakutuambia sisi watoto kwa sababu alijua mie ningeacha masomo. Na mezani hawezi kukataa ugali mbele za watu, wataanza kusema anaumwa. "Sasa mwanangu, nifanye nini? Nikila nao naumia, nisipokula nao nasemwa." Sikuwa na jibu. Nilikaa chini pembeni yake, nikamwambia ya kwangu.

Aliyetutoa hapo ni bibi, na wala hakujua kama anatutoa. Bibi yangu anaweka michembe. Kwa msio Wasukuma, michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vikiwa vibichi na kuanikwa juani mpaka vikauke kama vijiti. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, hayo ni matobolwa. Hakuna friza wala umeme, na vinakaa miezi. Ukifikiria ni kazi ileile. Friza inayafanya maji kuwa barafu na jua linayaondoa kabisa, vijidudu vinakosa maji ya kuishi. Ila bibi hapati hasara umeme ukikatika!

Asubuhi moja nilimwona anapima michembe ya kupika. Anachota kwa mkono: konzi moja ya huyu, konzi moja ya yule, mpaka watu wote wa nyumba wakaisha. Nikamuuliza kwa nini anapima wakati kihenge kimejaa na mwaka huu mavuno mazuri. Akasema alijifunza mwaka wa njaa ya 1974, na hakuacha. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mwaka wa njaa chakula kinajipima chenyewe. Mwaka wa shibe ndio unatakiwa upime wewe." Kisha akavipika, akaviweka katikati, tukala wote na maziwa ya mgando.

Nimelifikiria neno hilo sana. Bibi anapima mbele ya watu wote, na kila mtu anapata. Sisi wawili, mama na mie, tulikuwa tunapima kwa kujificha. Halafu mie nilikuwa nahifadhi chakula kwenye friza ili nibaki na njaa, na yeye anahifadhi ili mtu asilale njaa.

Jioni ile mama alisema mbele ya shangazi na kila mtu kwamba ana sukari. Kwa mdomo wake mwenyewe. Sijui alitoa wapi ujasiri. Shangazi alinyamaza muda mrefu, halafu akasema hata yeye miguu inamuwaka moto usiku na hajawahi kupima. Wiki iliyofuata walienda pamoja. Majibu yake si yangu kuyasema hapa. Mezani tukabadilisha: kila mtu sahani yake, nusu mboga, robo ugali, robo maharage au dagaa au nyama ikiwepo. Mlenda kwetu haukosekani, kwa hiyo haikuwa gharama mpya. Na kwa faida ya wenye wagonjwa wa sukari nyumbani: michembe isikudanganye kwa kuwa mikavu na myepesi. Maji ndiyo yameondoka, wanga wote umebaki mle ndani. Mama anakula nusu konzi, na si kila siku.

Nimerudi chuo. Vikopo bado ninavyo, ila vya kwangu mwenyewe. Jumapili mie na rumeti tunaenda soko la Mabibo, tunapika maharage, dagaa na mboga, tunagandisha vikopo sita sita. Chakula cha siku kinatutoka kama shilingi 3,000 kwa mtu, na nakula mara tatu. Mchana nakuja nacho pale kwa mama ntilie, naomba anipashie, nakula na nyie. Mizani inasoma 79. Juzi presha ilikuwa 132 kwa 84, nesi kasema tuendelee kuangalia. Naenda taratibu kuliko zile wiki tatu za mwanzo, ila usiku nalala.

Na zege? Sitawadanganya. Jumamosi iliyopita nilikula. Nilikaa benchi la mbele, chini ya taa.

Jana mama kapiga simu. Zamani swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeshiba?" Siku hizi anauliza, "Umekula nini?" Nikamtajia. Nami nikamuuliza yeye, akanitajia, akaongeza, "Na sikwenda kuangalia ndama."

Haya wapendwa, upimaji wa bure ukija tena chuoni msipite pembeni kama mnakwepa mtu anayewadai. Panapo majaliwa tutaonana tena.