Shamba la Mfalme

Nyumbani kwetu tunalea kijana, mtoto wa marehemu mdogo wake Baba Watoto. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa bado ananyonya. Tumemlisha, tumemvika na kumsomesha sawasawa na watoto wetu, na majirani hutusifu. Lakini shamba la kahawa aliloachiwa na baba yake tulikuwa tukililima sisi, na fedha za mavuno zikaingia mfukoni mwetu. Alipotimiza miaka 18 alituuliza kwa adabu, "Baba Mkubwa, Mama Mkubwa, shamba la baba nitapewa lini?" Tulimjibu, "Subiri kwanza, mwanetu." Tukalala usingizi wetu, tukiona tumejibu vizuri.

Mwaka uliofuata usharika rafiki wa huko Uswisi ulitualika kuutembelea. Siku moja wenyeji wetu walitupeleka Windisch, katika jimbo la Aargau, kuona kanisa la kale la monasteri ya Königsfelden. Tulipouliza maana ya jina hilo, tuliambiwa ni "mashamba ya mfalme". Hatukujua kwamba neno hilo la shamba litatufuata hadi nyumbani.

Wapendwa akina mama, kanisa hilo lilijengwa kwa sababu ya ugomvi wa urithi. Mfalme Albrecht wa Kwanza wa Ujerumani, wa ukoo wa Habsburg, alikuwa na mdogo wake, Rudolf, aliyefariki mwaka 1290. Rudolf aliacha mwana, Johann, ambaye hakumjua baba yake. Kijana alipokua alidai haki ya baba yake, lakini baba yake mkubwa aliahirisha neno hilo mara kwa mara. Tarehe 1 Mei 1308 mfalme alikuwa safarini, akavuka mto Reuss karibu na Windisch. Hapo Johann na wenzake walimshambulia, wakamwua.

Malkia Elisabeth, mama wa watoto wengi, akawa mjane siku hiyo. Kisasi kilifuata. Ngome za wauaji zilibomolewa, na mmoja wao, Rudolf von Wart, aliuawa kwa kuvunjwa mifupa juu ya gurudumu. Johann mwenyewe alitoroka. Lakini kisasi hakikumrudisha mume wa Elisabeth, wala hakikumpa kijana yule haki aliyonyimwa.

Ndipo mjane alipoamua kujenga nyumba ya sala mahali pale pale damu ilipomwagika. Monasteri ilipangwa iwe na nyumba mbili: moja ya ndugu wa Mtakatifu Fransisko, na nyingine ya masista wa Mtakatifu Klara. Wote walisali katika kanisa moja na kuwaombea marehemu. Tangu zamani watu husimulia kwamba altare kuu iliwekwa pale alipoangukia mfalme. Elisabeth hakuona mwisho wa kazi yake. Alifariki Vienna mwaka 1313, na mwaka 1316 mwili wake ukaletwa kuzikwa Königsfelden.

Kazi ilishikwa na binti yake, Agnes, mjane wa mfalme Andrea wa Tatu wa Hungaria. Agnes hakuolewa tena. Alihamia kando ya monasteri karibu mwaka 1317, akakaa hapo bila kuweka nadhiri ya utawa hadi alipofariki mwaka 1364. Alisimamia mali ya monasteri kwa uangalifu, na mara kadhaa alisuluhisha magomvi ya wakubwa.

Tulipoingia tulishangaa. Tulitazamia fahari ya kifalme, kumbe ukumbi una dari ya mbao tu, nalo kanisa halina mnara mkubwa, kwa kuwa watawa wa Fransisko walipenda unyenyekevu. Lakini upande wa altare matao yaliyochongoka, kama yalivyo makanisa ya Kigothi, yanapanda juu, na madirisha 11 marefu ya vioo vya rangi yanaleta mwanga mwekundu, wa buluu na wa kijani. Vioo hivyo vilianza kutengenezwa miaka ya 1320. Vinaonyesha maisha ya Bwana Yesu, mitume, Fransisko na Klara. Yuko pia Mtakatifu Anna, ambaye kwa mapokeo ni mama yake Mariamu.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1528 wakuu wa Bern, walipopokea Matengenezo ya Kanisa, waliifunga monasteri. Ukumbi wa kanisa ukawa ghala la nafaka. Mwaka 1770 mifupa ya ukoo wa Habsburg ilihamishwa. Baadaye eneo la monasteri likawa mahali pa kutibu wagonjwa wa akili. Wafalme wameondoka, na vioo bado vinapokea jua la asubuhi.

Usiku ule hatukupata usingizi. Tulimwonea huruma Elisabeth, lakini aliyetusumbua zaidi ni yule kijana. Damu haina udhuru. Hata hivyo tulijiuliza: neno "subiri" aliambiwa mara ngapi kabla ya siku ile? Sisi tumelitamka mara ngapi?

Tuliporudi nyumbani tuliwaita wazee wa ukoo, tukapima mipaka ya shamba mbele yao, na maandishi yakawekwa sahihi. Tulimwonyesha kijana hesabu ya mavuno ya miaka mitatu ya mwisho. Haikuwa rahisi, maana fedha nyingine tulikwisha kuzitumia, na tunamlipa kidogo kidogo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ahsante, Mama Mkubwa. Nilidhani mmesahau."

Hatukuwa tumesahau, na hilo ndilo linalotuumiza. Mama mpendwa, kama nyumbani mwako yuko mtoto wa marehemu, usiishie kumpa chakula na nguo. Muulize baba watoto leo jioni, kwa upole: mali ya baba yake iko wapi?