Njombe kwa Pikipiki, na Mgongo wa Mama

Kutoka Dar es Salaam hadi Njombe ni kilomita 700 na ushee. Mara ya kwanza tulizimaliza kwa siku mbili juu ya pikipiki yetu ya zamani, BMW R 80 RT. Tulipofika kwa bibi, baba alishuka. Mama hakuweza. Ilibidi vijana wa jirani washike pikipiki ili baba amshushe mama kwa kumshika kwapani, na bibi akatoka mbio akiuliza tumegongwa na gari gani. Hatukugongwa na gari lolote. Tulikuwa tumepita kwenye matuta tu.

Ninyi mnaopita njia hiyo kwa basi mnayajua matuta yenyewe. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara kuu inapita kama kilomita 50, na yamewekwa humo ili magari yasiwagonge wanyama. Ni jambo jema kwa twiga. Kwa mama aliyekaa nyuma ya pikipiki yenye shokapu iliyokufa, kila tuta ni rungu la kiunoni.

Jioni ile baba alisema tuiuze. Mama alisema safari ijayo atapanda basi. Wote wawili tulinyamaza, maana tulijua kinachopotea. Watoto wetu wamekuwa wakubwa, nyumba haikosi wageni, na safari ya Njombe ndiyo siku mbili pekee katika mwaka ambazo tunakuwa sisi wawili tu.

Tuliporudi, mama alikwenda kwanza hospitali. Daktari alimkagua, akampa mazoezi, akamwambia arudi mara moja akiona ganzi mguuni. Tunalitaja hili mapema kwa sababu hakuna shokapu inayoponya mgongo ulioumia.

Kisha tukaigeukia pikipiki. Aina hii iliacha kutengenezwa mwaka 1995. Silinda zake mbili zimechomoza kushoto na kulia kama viwiko vya mtu aliyeshika kiuno, na haina mnyororo; shafti ndiyo inayozungusha gurudumu. Nyuma ina shokapu moja tu, upande wa kulia. Fundi wa gereji moja alikuwa ameikaza pete ya springi hadi mwisho, akatuambia sasa imekuwa ngumu. Si kweli. Kuikaza pete kunainua pikipiki tu. Springi inabaki ileile. Na kama mafuta ya ndani yamekwisha nguvu, ukishapita tuta moja pikipiki inaendelea kuruka kama kitanda cha watoto.

Tulipima wenyewe kwa futi kamba ya mama ya kushonea. Pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia, tulipima kutoka ekseli hadi alama tuliyoichora chini ya kiti. Halafu tukaishusha, tukapanda wote wawili na mizigo yetu, kijana wetu akapima tena. Shokapu ya nyuma ina mwendo wa kama sentimita 12, na watu wakishapanda inatakiwa iwe imezama kama theluthi yake, yaani sentimita 4. Yetu ilizama 8. Kwa hiyo kabla hata ya kuondoka nyumbani tulikuwa tumekwisha kula sehemu kubwa ya nafasi iliyokusudiwa kwa matuta.

Hapo ndipo yalipokuja maneno ya fedha. Shokapu mpya ilikuwa karibu sawa na ada ya muhula mmoja. Mama alikataa, na tunakiri alikuwa na haki. Tukaanza na vya bei ndogo. Tairi ya nyuma ilikuwa na meno mazuri, lakini tarakimu nne za ubavuni zilisomeka 2211, maana yake ilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2011. Mpira wa umri huo umekwisha kukauka, tukaibadilisha. Shokapu za mbele tulizimwaga mafuta, yakatoka meusi kama chai ya rangi iliyolala, tukaweka mapya. Tuliinua gurudumu la mbele na kuzungusha usukani polepole: haukukwama katikati, tukajua beringi zake ni nzima.

Kiti kilikuwa kazi ya mama. Fundi wa sofa alitaka kutujazia sponji laini. Mama alikataa, kwani sponji laini hukufurahisha dukani, na baada ya saa moja umekalia bati. Aliagiza sponji nzito, ngumu kiasi, na tabaka jembamba laini juu yake. Akakata mahali pa kukalia pawe bapa na papana, asiwe anateleza na kumsukuma baba kila breki inapokanyagwa. Kava alilishona mwenyewe, mishono akaipeleka pembeni isimkate mapajani.

Miezi minane baadaye zamu yetu ya upatu ilifika, ada ikiwa imelipwa. Kampuni kama Hagon ya Uingereza na Ikon ya Australia bado hutengeneza shokapu za pikipiki za zamani, na ndugu yetu aliyeko Uingereza alikubali kutuletea moja. Lakini springi huchaguliwa kwa uzito: wa dereva, wa abiria na wa mizigo. Ilibidi twende kwenye mzani wa zahanati. Mama alisema kilo zake, baba akacheka, mzani ukasema nyingine, na baba naye alipopanda kicheko kikaisha. Tuliandika za kweli.

Safari ya pili tuliifanya mwaka jana, mwezi wa sita. Tulivuka Mikumi asubuhi, mwendo wa taratibu, na baada ya kila tuta pikipiki ilizama mara moja, ikainuka, ikatulia. Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu. Kisha bonde la mibuyu, Udzungwa mkono wa kushoto, na Kitonga, ambako malori hupanda yakikohoa na hakuna shokapu itakayokusaidia ukikosa subira. Tulikaa nyuma ya lori moja hadi juu kabisa. Tulilala Iringa.

Tulipumzika kila baada ya saa moja na nusu, mama akitembea na kunyoosha kiuno. Makambako kiuno kilianza kumsumbua kidogo, akasema, tukakaa nusu saa na chai. Njombe tulifika saa tisa alasiri, baridi ikiwa imeanza. Vijana wa jirani walikuja tena kushika pikipiki. Mama akawapa vitunguu wamshikie, akashuka.