Fungu la Kizimkazi na Ndege Wake

Wengi wenu mkaao pwani mwaijua bahari ya ufukoni, yenye mikoko na miamba; bali bahari kuu, mahali pasipoonekana nchi kavu upande wo wote, wachache waijua isipokuwa wavuvi. Huko, mwendo wa kilometa zaidi ya 60 kusini-mashariki ya Unguja, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Fungu la Kizimkazi. Katika ramani nyingine chaitwa Latham. Urefu wake wapata mita 300, na kuinuka kwake juu ya maji ni mita chache tu. Hakina mti, hakina kisima, wala hapana mtu akaaye humo. Machoni petu ni mahali palipoachwa. Lakini kwa ndege wa baharini ndipo mjini kwao.

Tulisafiri kwenda kukitazama siku za maleleji, pepo zilipotulia baina ya kusi na kaskazi. Alituchukua nahodha mzee, mvuvi tangu ujana wake, katika mashua yake yenye mashine. Tulitweka usiku, na kulipokucha tulikuwa tumezungukwa na maji matupu. Ndipo nahodha akatuonyesha vidoa vyeusi mbali sana.

“Walimu, tazameni pale,” akasema. “Membe wakizunguka juu namna ile, wangali wakitafuta. Wakishuka wote pamoja, jueni jodari wako chini yao.”

Nasi tukaona ndivyo. Jodari huwafukuza samaki wadogo kutoka chini, nao wakikimbilia juu membe huwadaka. Membe hawa, weusi mgongoni na weupe kifuani, hawapigi mbizi, wala hawakai juu ya maji, kwa maana manyoya yao hulowa upesi. Basi ndege amtegemea jodari, na mvuvi amtegemea ndege. Maana katika bahari pana hivi, asingejua pa kutupa mshipi wake.

Tulipokaribia kisiwa, tulisikia kelele kabla ya kuona mchanga. Ndege walikuwa wengi hata hatukuweza kuwahesabu. Walikuwapo pia ndege wakubwa, weupe, wenye uso mweusi na mabawa yenye ncha nyeusi. Mmoja wao aliyakunja mabawa hewani akaanguka majini kama mkuki uliotupwa, kisha akazuka akimeza samaki.

Hatukushuka. Baharia mmoja kijana aliomba ruhusa ashuke na kikapu akaokote mayai, maana nyumbani ana watoto. Nahodha hakumkaripia, akamwambia tu: “Mwanangu, ndege hawa ndio macho yetu. Ukila jicho, utaona kwa nini?” Kijana akanyamaza, akaweka kikapu.

Neno hilo lastahili kufikiriwa. Membe wa mgongo mweusi hutaga yai moja tu kwa majira, juu ya ardhi tupu. Mtu akikanyaga kisiwa, mama huruka, na jua la mchana huweza kuliua yai lisilotwaliwa na mtu. Tena kinda akiisha kuruka, huenda zake baharini, asirudi nchi kavu kutaga ila baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo yai liliwalo leo, pengo lake halionekani kesho wala mwakani. Mwenye kikapu hurudi akaona ndege wangali wengi, akasema, “Sikudhuru kitu.” Lakini wale awaonao ni wazee, maana ndege hawa huishi miaka mingi, watakapokufa, hapatakuwa na wa kushika mahali pao.

Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, yamwamuru mtu aonaye kiota asimtwae mama pamoja na makinda, bali amwache mama aende zake. Sheria hiyo haimkatazi mwenye njaa kula. Yamkataza kula leo hata asiache kitu cha kesho. Mkulima naye, hata katika mwaka wa shida, hali mbegu yake yote. Akiba haiozi.

Basi, ninyi wazazi na walimu, wafundisheni watoto neno hili kwa mambo wayaonayo kwao: kiota shambani, wavu wenye matundu madogo unaozoa hata samaki wachanga. Na ninyi mnaopita baharini karibu na visiwa vya ndege, watazameni mkiwa chomboni. Angalieni pia panya asitoke chomboni mwenu akafika nchi kavu, kwa maana katika visiwa vingi vya dunia panya wamekula mayai na makinda hata ndege wakatoweka. Mungu awalishaye ndege wa angani ametupa sisi akili, ili tusiwanyang'anye mahali padogo alipowapa.