Tunachotoa na Tunachotupa

Kila ifikapo tarehe 31 Desemba, viongozi wa umma nchini mwetu hutakiwa kuwa wamewasilisha tamko la mali na madeni yao kwa Sekretarieti ya Maadili, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1995. Fomu huuliza habari za nyumba, mashamba, magari, hisa na fedha zilizoko benki. Ni maswali mazuri, na laiti yangejibiwa na wote kwa ukweli. Hata hivyo, liko swali moja ambalo hakuna fomu inayoliuliza, si kwa kiongozi wala kwa sisi wananchi wa kawaida: katika hivyo ulivyo navyo, ni vingapi unavyovitumia?

Swali hili nililikabili mwishoni mwa mwaka jana, familia yangu ilipohama katika nyumba tuliyoishi kwa miaka 14. Ndugu msomaji, kama hujahama kwa muda mrefu, hujui unamiliki nini. Tulifungua makabati, mivungu ya vitanda na stoo ya nyuma, tukatoa mikoba ya semina 23, kila mmoja ukiwa na nembo ya mradi uliokwisha kufa. Tulitoa fulana za Mei Mosi, za Siku ya UKIMWI Duniani na za kampeni za vyama zaidi ya kimoja, kwa kuwa fulana ya bure haina itikadi. Zilikuwapo suti nne ambazo vifungo vyake na tumbo langu havijakutana kwa miaka mingi, vitabu vya kiada vya mtaala uliokwisha kubadilishwa, chaja zisizo na simu na simu zisizo na chaja. Mtu aliyeniona darasani nikifundisha tofauti za kipato katika jamii asingeamini kwamba nyumbani kwangu ndiko kulikokuwa na mfano ulio hai kuliko yote niliyowahi kuitoa.

Mke wangu alipendekeza tupeleke vitu hivyo Mbebe, wilayani Ileje, mkoani Songwe, nilikozaliwa. Tangu barabara ya lami kutoka Mpemba hadi Isongole ikamilike, kufikisha mzigo upande ule si adha kama ilivyokuwa enzi za utoto wangu. Nilimpigia simu dada yangu mkubwa, ambaye ni mmoja wa viongozi wa kikundi cha akina mama cha kanisani, kikundi kinachohudumia wazee wasio na watu, yatima na wagonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mdogo wangu, kabla hujafunga mzigo, niandikie kilichomo. Huku hatuna jalala la kutupia vya mjini.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya barabara. Baada ya siku tatu, akiwa amekwisha kushauriana na wenzake, alinitumia orodha yao. Walihitaji mablanketi kwa wazee wawili wanaoishi peke yao. Walihitaji ndoo zenye mifuniko. Walihitaji viatu vyeusi vya shule, vya namba alizozitaja moja moja. Walihitaji kitambaa cha sare kwa watoto waliofaulu darasa la saba na waliokuwa wakisubiri kuanza kidato cha kwanza mwezi Januari, ambao wazazi wao walikuwa hawajapata hata mita moja. Mwishoni kabisa aliandika maneno matatu: “Cherehani ya mama.”

Cherehani hiyo nitaieleza baadaye. Kwanza niseme kwa nini neno “jalala” lilinikaa kichwani.

Sisi Watanzania, na majirani zetu wote, tunalijua jambo hili kutoka upande wa pili. Mtu wa Uingereza au Marekani husafisha kabati lake, akafunga nguo asizozitaka na kuzipeleka kwa shirika la hisani la mtaani kwake. Anarudi nyumbani moyo wake ukiwa mweupe. Shirika huuza madukani mwake sehemu ya nguo hizo. Kiasi kikubwa kinachobaki huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, wakazichambua, wakazikandamiza katika marobota na kuzipakia melini. Zikifika kwetu hazina tena sura ya sadaka. Ni bidhaa: hufunguliwa Karume jijini Dar es Salaam na Mwanjelwa jijini Mbeya, huuzwa Tunduma, na hatimaye huning’inizwa kwenye kamba katika magulio ya vijijini kama yale ya kwetu Ileje.

Majina tuliyozipa nguo hizo yanasema mengi. Sisi tumeziita mitumba, yaani kwa jina la mzigo ulivyofungwa. Ukivuka mpaka wa Tunduma ukaingia Nakonde, Wazambia huziita salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kupekuapekua lundo. Ukivuka mto Songwe kuingia Malawi, utasikia zikiitwa kaunjika. Nchi tatu zinazopakana zimelipa jambo moja majina matatu, na hakuna hata moja kati yake lililochagua kuliita zawadi.

Sitaki kuwa mnafiki. Mitumba imewavika mamilioni ya watu wetu kwa bei wanayoimudu, nami nilikwenda chuo kikuu na koti la mtumba. Imewapa ajira wachuuzi, mafundi wa kupunguza nguo, wapiga pasi na wabeba mizigo. Wala si kweli kwamba ndiyo peke yake iliyoviangusha viwanda vyetu. Urafiki jijini Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma na Mbeyatex ya jirani zetu vilisumbuliwa pia na mitambo iliyochakaa, umeme usiotabirika, madeni na uendeshaji mbovu. Lakini soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, viwanda hivyo dhaifu vilijikuta vikishindana na nguo ambayo mwenye nayo wa kwanza aliitoa bure. Ni nani anayeweza kushindana na bure?

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika kwa serikali yao mwaka uliofuata, na nchi zetu zikakumbushwa kwamba upendeleo wa kuuza Marekani chini ya mpango wa AGOA ungeweza kuondolewa. Moja baada ya nyingine tulirudi nyuma. Rwanda peke yake ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa upendeleo huo kwa upande wa nguo. Hapo ndipo sadaka ya kabati la mtu ilipovua kanzu na kuonekana ilivyo: haki ya kutuletea kisichotakiwa ilitetewa kwa vitisho vya biashara. Azimio la Arusha lilikwisha kutuonya mwaka 1967 kwamba misaada na mikopo inaweza kuhatarisha uhuru. Halikutaja makabati, lakini mantiki ni ile ile.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Msomi wa mjini anapopeleka kijijini suti isiyomtosha na fulana yenye nembo ya mradi uliokufa, bila kuuliza, amejiweka katika nafasi gani ndani ya mnyororo huo? Kazi ya kuchambua amemwachia mpokeaji. Gharama ya kutupa amemwachia mpokeaji. Yeye amebaki na kitu kimoja tu, nacho ndicho chenye thamani: hisia ya kuwa mwema.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tunaipenda kwa sababu inamruhusu hata maskini kuwa mtoaji. Lakini inatudai pia. Kama kutoa ni moyo, basi kuondoa kilichokwisha kutoka moyoni si kutoa, ni kufagia. Dini zetu kubwa mbili zinakubaliana hapa. Qur’ani, katika sura ya Aal Imran, inafundisha kwamba wema haufikiwi mpaka mtu atoe katika vile anavyovipenda. Injili inamsifu mjane aliyetoa sarafu mbili, si kwa wingi wake, bali kwa sababu wengine walitoa katika ziada yao naye alitoa katika upungufu wake. Kufagia nyumba si dhambi, na kitu kizima kisichotumika ni heri kimfae mwingine. Ila tusiite ufagio sadaka.

Tulikaa chini kama familia tukagawa vitu mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la vitu vilivyomo katika orodha ya Mbebe: mablanketi, ndoo na jozi chache za viatu. Tulivifua, tukavishona na kuvipiga rangi, kwa kanuni moja tu: kama huwezi kumpa mgeni wako akitumie leo, usimpelekee mtu mwingine. Fungu la pili lilikuwa la vitu vizima visivyohitajika kule. Hivyo, suti zikiwamo, tuliviuza mjini, na fedha yake ikanunua jora la kitambaa cha sare. Fungu la tatu lilikuwa takataka, nasi tulizitupa wenyewe, mahali pa takataka, kwa gharama yetu.

Ikabaki cherehani. Mama aliinunua kwa fedha za kahawa, akashona juu yake hadi macho yalipomkatalia. Baada ya msiba niliichukua mimi. Kwa miaka tisa ilikaa sebuleni kwangu imefunikwa kitambaa cha kufuma, picha yake ikiwa juu. Kwa kipimo cha wanaotufundisha kupunguza vitu nyumbani, ilikuwa kitu kisichotumika. Kwa kipimo changu, ilikuwa kitu cha pekee katika nyumba nzima ambacho ningekiokoa kwenye moto. Katika orodha yote ya dada, ndicho kitu kilichoniuma.

Nilimpigia tena. Hakunisihi. Aliniuliza tu ni lini nilisikia sauti yake mara ya mwisho, na hakumaanisha sauti ya mama. Fundi aliitia mkanda mpya na mafuta, nasi tukaisafirisha kwa basi hadi Tunduma, ambako mpwa wangu aliipokea. Kufikia wiki ya pili ya Januari akina mama wale walikuwa wameshona sare za watoto 11. Tangu hapo kikundi hushona pia kwa malipo, na malipo hayo hununua kitambaa kingine. Sebule yangu ina nafasi tupu ambayo sijaizoea.

Kwa wanaharakati nina neno. Watoto 11 si sera. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada, na tangu Januari 2016 tunaiita elimu bila malipo. Sare, hata hivyo, imebaki mzigo wa mzazi, na ingawa viongozi wameagiza mara kwa mara kwamba mtoto apokelewe hata kama hana sare, mtoto mwenyewe anajua kukaa darasani akiwa peke yake bila sare kunamaanisha nini. Sadaka inaweza kumwingiza mtoto darasani Januari hii. Isitumike kufunga mjadala juu ya haki yake ya Januari zote.

Kwa watumishi wa umma nina mawili. La kwanza ni kuhusu kamera. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini ulioanza mwaka 2012 chini ya TASAF, majina ya kaya huthibitishwa katika mkutano wa kijiji. Uwazi huo una sababu, kwa kuwa ni fedha ya umma. Lakini blanketi la bibi kizee halihitaji mgeni rasmi. Hesabu ya vitu na iwe wazi, iandikwe na kusainiwa katika ofisi ya mtendaji. Uso wa mpokeaji na usitiriwe. Mara nyingi sisi hufanya kinyume: tunaonyesha uso na kuficha hesabu.

La pili ni stoo za ofisi zenyewe. Nani kati yenu hajapita nyuma ya jengo la serikali akaona magari juu ya mawe, majani yakiota ndani ya boneti, na viti vilivyovunjika mguu mmoja vikioza wakati shule ya jirani ina watoto wanaokaa chini? Utaratibu wa kufuta mali chakavu, wenye ukaguzi, kibali na mnada, uliwekwa ili kuzuia wizi, nami siupingi. Lakini utaratibu unaochukua muda mrefu kuliko uhai wa kiti umeshindwa kukilinda kiti.

Nanyi wanafunzi wangu, kila mwisho wa mwaka hosteli hutapika ndoo, magodoro na rafu za vitabu, na miezi michache baadaye wanaoanza mwaka wa kwanza hununua vitu hivyo hivyo kwa mkopo wao wa kwanza. Serikali yenu ya wanafunzi inaweza kuanzisha ghala la kupokezana bila kusubiri bajeti ya mtu yeyote.

Januari itafika tena, na watoto wengine wa Mbebe wataitwa kidato cha kwanza. Si lazima tuhame ndipo tufungue makabati. Tuanze kwa kuuliza kunahitajika nini, na orodha ikija tuisome mpaka mstari wa mwisho.