Zimwi Likujualo: Sinema za Kutisha za Msimu wa Halloween

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Walimu wetu huifafanua methali hii kwa njia moja: heri kuangukia mikononi mwa akufahamuye kuliko mikononi mwa mgeni, kwani akufahamuye hatakosa kukubakishia japo kidogo. Katika makala haya, msomaji mpenzi, nanuia kuipima methali hiyo kwa mizani isiyo ya kawaida katika jarida la Kiswahili, yaani sinema za kutisha ambazo Wamarekani huzitazama kila mwezi wa Oktoba.

Halloween huadhimishwa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Chimbuko lake huhusishwa na Samhain, sherehe ya kale ya Wakelti ya kuupokea msimu wa baridi, ambapo iliaminika kuwa mpaka baina ya walio hai na wafu hulegea. Wahamiaji kutoka Ireland, wakiwemo walioikimbia njaa kuu ya miaka ya 1840, waliipeleka Marekani, na huko ikageuka kuwa usiku wa vinyago, peremende na vitisho vya mzaha. Kwetu si sikukuu. Wapo wenzangu wanaoziita sinema zake upuuzi mtupu, tena zisizomfaa mwanafunzi wa fasihi. Mimi sikubaliani nao. Aliyelelewa kwa ngano kando ya meko hawezi kuziona ngeni; zimwi ni lile lile, ila limebadilisha vazi.

Ya kwanza katika orodha yangu ni Night of the Living Dead ya George A. Romero, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Pittsburgh mnamo Oktoba 1968. Wafu wanafufuka na kuwala walio hai, nao watu saba wanajikuta wamezingirwa katika nyumba moja ya shambani. Mwenye busara miongoni mwao ni Ben, Mmarekani Mweusi aliyeigizwa na Duane Jones. Ndiye anayepigilia mbao milangoni na madirishani wengine wakizozana. Usiku unakucha akiwa peke yake aliyenusurika. Ndipo linapofika kundi la wanaume wenye bunduki waliokuja kuwaangamiza wafu. Wanamwona dirishani, wanamdhania mfu, wanampiga risasi. Ilikuwa takriban miezi sita tu tangu Martin Luther King auawe mjini Memphis.

Nakiri kwamba wafu wale hawakuninyima usingizi. Iliyoninyima ni asubuhi ile. Usiku mmoja, nikitoka maktabani, nilimulikwa kurunzi usoni na watu wenye bunduki, nikaamriwa kuinua mikono. Kijasho chembamba kilinitiririka. Niliulizwa jina, nikalitaja, nikaachiliwa niende zangu. Ben hakuulizwa jina. Hapo methali yetu ilisimama wima mbele yangu: hao hawakumjua, nao walimla akakwisha.

Ya pili inaitwa Halloween yenyewe, iliyoongozwa na John Carpenter mwaka wa 1978. Ilitengenezwa kwa takriban dola 325,000, fedha kidogo mno kwa sinema. Ilipigwa picha California katika majira ya kuchipua, ilhali hadithi ni ya Oktoba. Ikawabidi watengenezaji kupaka rangi majani, kuyatawanya barabarani, kisha kuyaokota ili yatumike tena. Kinyago cha muuaji Michael Myers kilikuwa sura ya mwigizaji William Shatner iliyopakwa rangi nyeupe. Damu inayoonekana ni haba. Kinachotisha ni muziki wa kinanda uliotungwa na Carpenter mwenyewe, na uso ule usio na hasira wala furaha. Huwezi kumsihi asiye na uso. Hajui jina lako, wala hana haja nalo.

Kufikia hapo ningeweza kuhitimisha kwamba wahenga walisema kweli na hatari yote imo katika kutojulikana. Lakini ipo ya tatu, Get Out ya Jordan Peele, iliyotoka mwaka wa 2017 na kumpa Peele tuzo ya Oscar ya mswada asilia mwaka uliofuata. Chris, kijana Mweusi aliyeigizwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda, anapelekwa na mpenzi wake Mzungu kuwaona wazazi. Anakumbatiwa, anakaribishwa, anasifiwa. Wanamjua kwa jina, kwa kazi, hata kwa kidonda cha moyo wake kuhusu kifo cha mamake. Wanayatumia hayo yote kumnasa, kwani wanautaka mwili wake mzima. Zimwi hili linamjua barabara, nalo halikusudii kubakisha hata ukucha.

Niliitazama bwenini, tumebanana wanne mbele ya tarakilishi moja. Mwanzoni, miti ikipita kando ya barabara, sauti zikaanza kuimba kwa kunong'ona. Tulitazamana. Kilikuwa Kiswahili! Wimbo huo wa Michael Abels unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", nao unamhimiza ndugu akimbie ajiokoe. Mtazamaji asiyejua lugha hii husikia mnong'ono wa kuogofya tu. Sisi tulikuwa tumekwisha kuonywa kabla Chris hajafungasha mizigo yake. Nywele zilinisimama, si kwa hofu pekee. Lugha tunayoulizwa kila likizo itatufaa nini ndiyo iliyobeba onyo lote, na Chris hakuwa na sikio la kulipokea.

Karibu na mwisho taa za gari la walinda usalama zinamulika barabara, na Chris, hali amenusurika, anainua mikono. Nilimkumbuka Ben, nikashika pumzi. Safari hii aliyeshuka ni rafiki yake, amjuaye kwa wema.

Basi methali ya zimwi haitoshi peke yake. Kujulikana kunaweza kuponya, na kunaweza kuangamiza. Ndiyo maana wahenga hao hao walituachia nyingine: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Oktoba ijayo, ndugu msomaji, itazame Get Out pamoja na mtu asiyejua Kiswahili, kisha uangalie ni nani atakayeshtuka kwanza.